Kimya cha Injini

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza leo, tena kwa vishindo. Hakuna mteja atakayevuka ile barabara ya matope aje kupunguziwa suruali, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Mke wangu haachi kuniambia kwamba maneno yangu yote huishia tumboni, ndiyo maana tumbo lenyewe limeanza kutangulia shati. Haya, nayatoa.

Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana yangu. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na pale pembeni fungu la vipande vya vitambaa ambalo binti yangu amelifanya kitanda chake cha mchana. Akirudi shule hata sare havui, anajitupa pale na kulala. Ana miaka saba na anakoroma kama mzee aliyekula akashiba. Mdogo wangu, fundi pikipiki, alimbatiza Injini, na jina likamganda. Pua yake imeziba tangu akiwa mdogo, hata neno "mama" kwake hutoka "baba", kwa hiyo akiita tunaitika wote wawili.

Mama mkwe naye yupo. Alikuja kututembelea wiki moja, na wiki hiyo sasa imefuga ndevu. Kila akipita karakana anafungua dirisha. "Mke mwenzangu anavuta mavumbi ya vitambaa vyako," ananiambia, akimtania mjukuu wake. Kila akitoka nalifunga, maana vumbi la barabarani, na sasa mvua, huharibu sare za watu.

Leo nikiwa kwenye cherehani, Injini amezimika. Mkoromo ulikatika katikati, nikangoja uendelee, haukuendelea. Niliondoa mguu kwenye pedali. Kifua chake kilikuwa kinapanda lakini hakuna kitu kilichoingia. Kisha akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetoka ndani ya maji, akageuka upande wa pili na kuwaka tena. Nilijiambia ni ndoto. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Nimepiga pasi kutwa. Injini amekoroma vizuri, nami nimeshona kwa amani. Akikoroma najua yupo.

Jumanne, 10 Machi

Mwalimu wake ameniita shuleni. Nilikwenda nimejiandaa kusikia amempiga mwenzake, kumbe kosa lake ni usingizi.

"Mnamlaza saa ngapi huyu?" aliniuliza.

"Analala kabla ya kuku, Mwalimu."

"Basi halali. Huku anasinzia mezani, kalamu inaanguka, nikimwamsha ananitazama kama hanijui. Na mdomo hafungi hata siku moja. Wenzake wanamwita Mlango Wazi. Mpelekeni kwa daktari wa meno ya watoto, meno yake ya juu yameingia ndani ya yale ya chini."

Nilirudi nimekasirika. Meno ya utoto yataanguka yenyewe, yatakuja mengine, ya nini kusumbuana? Mwalimu mwenyewe meno yake ya mbele yamepishana kama watu mlangoni. Lakini mke wangu aliposikia aliacha kula, akaenda kumtazama mtoto mdomoni kwa tochi ya simu. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, 17 Machi

Tumetoka kwa daktari wa meno. Nilitarajia mzee mwenye koleo. Tumemkuta dada kijana, mpole, kazi yake hasa ni kunyoosha meno na taya za watoto. Kabla hajagusa jino hata moja alikaa mbele ya Injini akamtazama tu anavyopumua.

"Anakoroma?"

Mimi nikacheka, nikamweleza habari ya jina. Yeye hakucheka.

"Baba, mtoto wa umri huu hakoromi kwa sababu ameshiba. Na kuna wakati pumzi inakatika?"

Mke wangu akasema hapana. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kisha nikasema ndiyo. Mke wangu aligeuka akanitazama, na mtazamo ule bado ninao mgongoni.

Daktari alinipa kioo kidogo nione mwenyewe. Dari la mdomo wa mwanangu ni jembamba na limepanda juu mno. "Dari hili ndiyo sakafu ya pua," alisema. "Likibanwa hapa, na juu kunabanwa. Mtoto anakosa hewa puani, anafungua mdomo, ulimi unashuka chini badala ya kukaa juu, na taya la juu linakosa kitu cha kulisukuma likue. Anazidi kubanwa, anazidi kufungua mdomo."

Nikamuuliza kama haiwezi kungoja meno yote yaote.

"Baba ni fundi wa nini?"

"Cherehani."

"Vizuri. Hapa katikati ya dari pana mshono. Kweli kabisa, mshono. Mifupa miwili imekutana hapa na kwa mtoto bado haijashikana. Sasa hivi nikiweka kifaa changu, taya litapanuka taratibu. Akishakua mshono unakaza, na hapo mpaka kisu."

Nilitaka kubisha, lakini maneno hayo niliyaelewa kuliko nilivyotaka. Nguo ya mtoto huwa naiachia akiba ndani ya pindo ili akue nayo. Mama wa mtoto akichelewa kuirudisha, nakuta akiba ilishakatwa na mtu mwingine.

Lakini kumbe taya ni kazi ya pili. Ya kwanza ni pua. Anahisi kuna nyama nyuma ya pua na mafindofindo makubwa, na lazima tumwone daktari wa masikio, pua na koo. Huenda wakamlaza kwa dawa ya usingizi na kuziondoa. "Tunachotaka mwishowe ni mdomo ufungwe akilala," alisema, na alikuwa bado anaendelea, lakini mimi nilishasimama natafuta mwavuli.

Naogopa. Niandike hivyohivyo. Mtoto anasahau kupumua akilala kwenye vitambaa vya baba yake, halafu nimpeleke kwa watu wamlaze kwa dawa?

Jumamosi, 21 Machi

Mke wangu: "Lini?" Mimi: "Mvua ikipungua." Mvua haina dalili.

Jumanne, 24 Machi

"Lini?" Nimesema nina sare za shule nzima za kumaliza. Ni kweli, lakini siyo sababu. Mke wangu anafua na kupiga pasi hotelini, anarudi miguu imevimba, na bado anapata nguvu za kuniuliza. Mama mkwe kafungua dirisha mbele yangu, macho kwa macho. Sikulifunga.

Injini amezimika mara mbili leo mchana. Mara ya pili nilimtikisa bega mpaka akaamka analia.

Jumamosi, 28 Machi

Nimepata dawa, na imo ndani ya kazi yangu mwenyewe.

Daktari si amesema mdomo ufungwe akilala? Kuna mtu duniani anayejua kufunga kitu kisifunguke kunishinda? Nimekata mkanda wa pamba laini, nimeuwekea bitana upande wa shavuni usimkwaruze, mpira ndani yake, unapita chini ya kidevu na kupanda juu ya masikio mpaka utosini, ambako unafungwa kwa vishikizo. Nimeuzungushia na utepe wa maua ili akubali kuuvaa. Mdomo ukizoea kufungwa, pua italazimika kufanya kazi, na habari ya kisu inaishia hapo. Sijamwambia mke wangu. Nataka aone matokeo kwanza.

Jumapili, 29 Machi

Nimeuvaa mwenyewe mchana, nikalala usingizi mzuri. Mdogo wangu alinikuta, akaniuliza nimekufa lini na maziko yatakuwa saa ngapi. Nilicheka. Sasa hivi nikiandika sicheki.

Jumatatu, 30 Machi

Injini ameuvaa, akajitazama kwenye kioo, akasema yeye bibi harusi. Alipolala tu mkono wake ukauvua. Nimehamisha vishikizo nyuma ya kichwa asivifikie, nimeongeza mpira wa pili, na nimevishona kwa uzi maradufu.

Alhamisi, 2 Aprili

Ameshika mafua. Mkanda tumeupumzisha.

Jumamosi, 4 Aprili

Mistari imepinda. Anayesoma mwandiko huu anisamehe, ingawa msomaji ni mimi mwenyewe na sijisamehi.

Mke wangu alikuwa kazini. Mvua ya mchana ilikuja kubwa, bati likawa halisemeshwi. Injini alikuwa na nafuu kidogo ya mafua, au mimi nilitaka awe nayo. Nilimvalisha mkanda.

"Baba, inabana."

"Utauzoea."

"Pua yangu imelala."

"Ukilala nayo itaamka."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nilimlaza ubavu, nikafunga kishikizo cha mwisho, nikarudi kwenye cherehani na kumpa mgongo. Kwa ile mvua hata mashine yangu sikuisikia. Niligeuka mara moja nikamwona mdomo umefungwa, uso umetulia, mzuri kama picha ya ukutani. Hakuna mkoromo. Nikajisifu. Nilishona mikono ya shati nikiimba, Mungu anajua, nilikuwa naimba.

Mama mkwe aliingia kufunga dirisha. Siku zote hizo analifungua, leo mvua ilimleta alifunge. Alipiga ukelele mmoja tu.

Nilipogeuka mtoto alikuwa anapiga miguu kwenye vitambaa. Mikono yake ilikuwa nyuma ya kichwa inakwaruza vishikizo. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yananitafuta mimi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye ngozi ya mtu. Nilimrukia. Vidole hivi vinafunga na kufungua vishikizo tangu nikiwa kijana, lakini havikufungua hata kimoja. Nilikuwa nimeshona kwa uzi maradufu.

Katika nyumba hii kuna sheria moja tu yangu: mkasi wangu wa kukatia haushikwi na mtu. Mama mkwe aliuchukua mezani, akanisukuma kwa kiwiko, akapitisha ncha kati ya shavu na mkanda, akakata.

Hewa iliingia kwa mtoto kwa sauti ya kitambaa kipya kinapopasuliwa. Kisha akalia. Alilia kwa nguvu na mimi nikalia naye. Ncha ya mkasi ilikuwa imempasua sikio kidogo, damu nikaifuta na mkono wa shati la mteja.

Nilingoja nitukanwe. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, mjukuu wake kifuani, mkasi mapajani, anahema kama yeye ndiye aliyekuwa amezibwa. Baada ya muda akaokota kile kipande cha mkanda, akakigeuza, akatazama bitana, akatazama ule utepe wa maua.

"Umeushona vizuri mno," alisema.

Bora angenitukana.

Jumapili, 5 Aprili

Nilimweleza mke wangu jana aliporudi, kabla hajavua viatu. Sikupunguza kitu. Alikwenda kumshika mtoto kwanza, akamtazama sikio, akarudi.

"Ulikuwa unaogopa nini hasa?"

"Usingizi wa dawa. Asije akasahau."

"Na mimi je? Unafikiri kule napiga pasi nacheka? Kila shuka nikiinyoosha namwona yeye amelala chini yake." Akakaa. "Mimi sikuombi usiogope. Naomba uogope pamoja na mimi, siyo peke yako huku mbele na mkasi."

Kisha akaniuliza kama nilimsikia daktari wa meno mpaka mwisho. Sikumsikia. Kumbe alimaliza hivi: mdomo ufungwe, lakini ujifunge wenyewe, pua ikiwa wazi. Alisema hata tusije tukajaribu kuuziba. Mimi nilikuwa natafuta mwavuli.

Alhamisi, 9 Aprili

Daktari wa pua na koo ni mtu mfupi, mchangamfu, ana taa kwenye paji la uso. Tulimweleza na habari ya mkanda. Aliacha uchangamfu kwa muda. Alipomaliza kumpima alisema nyama zimejaa nyuma ya pua, hewa inapita pembamba mno, na mafindofindo yamebanana yanakaribia kugusana. Lazima yote yatoke.

Nilimuuliza swali langu: akisahau kupumua ndani ya dawa je?

"Swali zuri," alisema. "Na kwa mtoto wa namna hii tunajihadhari zaidi, sikufichi. Lakini nyumbani akizimika, anayemwona ni yule aliyebahatika kuwa macho. Kwetu yupo mtu ambaye kazi yake yote ni pumzi ya mtoto huyo tu. Hashoni, hapiki, hageuki."

Hashoni. Sidhani alikusudia kunichoma, lakini alinichoma.

Tumepewa tarehe, mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeondoa fungu lote la vitambaa. Chini yake nilikuta vumbi la nyuzi zito kama blanketi. Injini sasa analala chumba cha ndani kwenye godoro, na mtu mmoja anakaa naye. Dirisha liko wazi kutwa. Sare mbili zimelowa. Zitakauka.

Alhamisi, 16 Aprili

Zamu yangu. Amezimika, akawaka.

Ijumaa, 17 Aprili

Zamu yangu. Nimejifunza kuzungumza na Mungu kwa sentensi fupi.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimekata kola mbili vibaya. Mama mkwe aliniletea chai, akaiweka karibu na mkasi, akautazama, na mimi nikautazama. Siku hizi naona jinsi anavyozunguka: akimaliza vyombo anakwenda kumsikiliza mtoto, akimaliza kufagia anakwenda tena. Miezi yote hii nilidhani anazungukia mambo yasiyomhusu.

Jumatatu, 27 Aprili

Mdogo wangu amekuja kumuaga Injini, akamwambia anapelekwa gereji kufanyiwa sevisi. Mtoto kafurahi sana. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo.

Jumatano, 29 Aprili

Naandika sasa kwa kuwa mtoto amelala na mama yake yuko naye, na mimi sijui la kufanya na mikono.

Tulifika hospitali asubuhi na mapema, wote wanne. Hakuruhusiwa kula, alikuwa na njaa na kisirani. Walimvalisha kanzu ya hospitali iliyoshonwa ovyo, pindo moja juu na jingine chini, na nilijikuta nalikunjakunja lile pindo kwa vidole mpaka mke wangu akanishika mkono.

Niliruhusiwa kumsindikiza mpaka mlango wa ndani. Nilimbeba. Kwa miaka saba ni mwepesi mno, na hilo nalo sikuwahi kulitilia maanani. Pale mlangoni alinishika shati.

"Baba, nikizimika huko, nani ataniwasha?"

Nilimkaza kifuani. Mama mmoja mwenye kofia ya kijani alikuwa amesimama karibu, akasogea. Ndiye mtaalamu wa dawa ya usingizi.

"Mimi," alisema. "Nitakaa hapa kichwani kwako. Sitoki mpaka uwake."

Injini alimkagua usoni, kisha akaniachia shati. Mlango ukafungwa.

Nje kulikuwa na benchi. Mke wangu alikaa, Mama mkwe akakaa, mimi nikashindwa kukaa. Mfukoni nilikuta kipande cha uzi mweupe, nikaanza kukizungusha kidoleni na kukifungua. Mvua ilikuwa inapiga paa la hospitali vilevile kama inavyopiga langu, nikaona siwezi kuisikia tena mvua hiyo bila kuona ile miguu inapiga vitambaa. Nesi alitoka mbio. Nikamfuata hatua mbili. Alikuwa anafuata funguo. Nesi mwingine akatoka polepole, nikaona huyo ndiye, wenye habari mbaya hawana haraka. Akapita, akaenda kunywa maji.

Mama mkwe alinivuta koti. "Kaa, baba. Ukianguka hapa tutabeba wawili."

Nikakaa kati yao. Alichukua ule mkono wangu wenye uzi akauweka juu ya goti lake, na hapo ukakaa. Mama mkwe huyuhuyu niliyekuwa nahesabu siku zake za kuondoka.

Walipotuita nilitangulia bila kungoja mtu. Alikuwa kitandani, uso umevimba, ute wenye damu pembeni ya mdomo. Yule mama mwenye kofia ya kijani alikuwa amesimama kichwani, palepale alipoahidi. Mtoto akakohoa, akafungua jicho moja.

"Mama," alisema. Safi kabisa.

Tukaitika wote wawili, kwa mazoea.

Jumamosi, 2 Mei

Anakunywa uji wa baridi na kunuka mdomo. Halali vizuri kwa maumivu, na sisi hatulali kwa woga. Wameniambia damu ikitoka niende mbio, nami natazama mate yake kila akitema.

Alhamisi, 7 Mei

Mate yalikuwa na uzi mwekundu. Nimembeba kwenye mvua mpaka hospitali, kiatu kimoja nimekiacha matopeni. Daktari akammulika, akasema ni gamba la kidonda linabanduka, ni kawaida. Aliniangalia mguu ulio peku, akaniuliza kama nahitaji kukaa kidogo. Nilikaa.

Jumanne, 19 Mei

Daktari wa meno ameweka kifaa chake. Ni kama kibuibui cha chuma kilichokaa kwenye dari la mdomo, miguu imeshika magego, na katikati kuna skrubu ndogo yenye matundu. Injini anatema mate na kuongea kama amemeza kijiko. Kila jioni skrubu izungushwe kwa kifunguo chembamba, kidogo tu, mpaka daktari atakaposema basi.

Nilimpa mke wangu kifunguo. Akanirudishia.

"Utazungusha wewe."

"Kwa mikono hii?"

"Kwa mikono hiyohiyo."

Jumatano, 20 Mei

Mke wangu alishika tochi, Mama mkwe akakishika kichwa cha mjukuu wake. Kifunguo kiliniponyoka nikakiokota chini. Mara ya pili kiligonga ulimi wake, akanung'unika. Nilitaka kuacha. Mama mkwe akasema, "Taratibu, fundi. Hatufungi kitu leo, tunafungua." Nikapata tundu, nikasukuma kuelekea kooni kama nilivyoelekezwa. Niliona macho ya mtoto yanajaa machozi, nikajua nimemvunja. "Inabana puani," alisema, kisha akaomba uji.

Ijumaa, 22 Mei

Nimezungusha. Jasho limenitoka kuliko siku ya kukata suti ya bwana harusi.

Jumatatu, 25 Mei

Nimezungusha. Mwalimu kampigia mke wangu simu kusema Injini ameongea darasani leo mpaka akatolewa nje. Mke wangu aliomba radhi huku anacheka.

Ijumaa, 29 Mei

Pengo limetokea katikati ya meno yake mawili ya mbele ya juu. Daktari alituonya litatokea na kwamba litajifunga baadaye, lakini kuambiwa si kuona. Nilisimama na tochi nikalitazama. Mshono umeachia. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilishika kitu bila kutetemeka.

Hata hivyo mchana bado nakaa naye akilala. Mke wangu amesema zamu zimekwisha, Mama mkwe naye amesema. Nimewaambia nina mapindo ya mkono ya kushona, nayafanyia pale karibu na godoro.

Jumamosi, 6 Juni

Leo hakuna mvua. Asubuhi kulikuwa na jua, barabara imeanza kukauka, wateja wanapita na suruali zao begani. Mama mkwe amefunga mzigo.

"Kaa kidogo, Mama," nilimwambia, na nilishangaa kwamba maneno yanatoka moyoni.

"Wiki yangu imekwisha," alisema. Tukacheka wote wawili mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Mchana Injini alirudi kutoka kucheza, akajilaza kwenye mkeka karakana, karibu na cherehani yangu, kama zamani. Sikumzuia. Sakafu ni safi na dirisha liko wazi. Nikaanza kushona. Baada ya muda niliondoa mguu kwenye pedali na sikujua kwa nini.

Kulikuwa kimya. Hakuna mvua kwenye bati, hakuna mashine, hakuna mkoromo. Niligeuka. Alikuwa amelala ubavu, mdomo umefungwa, uso umetulia, mzuri kama picha ya ukutani. Niliuona uso ule mara moja tu kabla ya leo.

Sikumbuki nilivyofika chini pale. Nilipiga magoti, nikamtazama kifua, macho yangu yalikuwa yanacheza, sikuweza kuona kama kinapanda. Nilitaka kumtikisa. Nikakata kipande cha uzi kwa meno, nikakishika kwa vidole viwili, nikakisogeza chini ya pua yake.

Uzi ukasogea upande wangu. Ukarudi kwake. Ukasogea tena.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Anapumua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anapumua."

"Basi inuka, baba. Muache alale."

"Nainuka," nilisema.

Aliweka mzigo chini, akaja akapiga magoti upande wa pili wa mkeka. Mteja akagonga mlango, akaita fundi, akaita tena, akaenda zake. Sisi tulikuwa tunautazama uzi.